Zawadi Haina Hakimu

Jumatatu, 31 Agosti 1953

Mvua tangu kupambazuka. Nimempikia Mjomba Amos uji wa shayiri, nimemfunga kidonda cha mguu, nimemsogezea magongo yake. Hakusema asante, nami sikungoja aseme. Nimemshitaki mtu huyu, na kila asubuhi ni mimi ninayempulizia uji upoe.

Aliyenikataza kuhama ni wakili wangu, Bwana Maddox wa mjini. "Ukitoka pale, Bi Hester," aliniambia, "ng'ombe watabaki na mwenye zizi. Kaa karibu na pembe zao." Basi nimekaa. Ni ng'ombe kumi na mmoja, wekundu, nyuso nyeupe kama waliotumbukizwa kwenye unga. Mahakama imezuia wasiuzwe mpaka kesi isikilizwe Novemba.

Jumatano, 2 Septemba

Mvua. Ng'ombe wetu Plum anachechemea mguu wa nyuma.

Jumapili, 6 Septemba

Kanisani walinitazama mimi kuliko kasisi. Aliyenisogelea mlangoni ni Bibi Bufton peke yake, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito.

"Hivi kweli Hester, unamburura ndugu wa mama yako kortini kwa sababu ya ng'ombe?"

"Kwa sababu ya neno lake."

"Neno la Krismasi! Siku ile ile mimi Amos aliniahidi kunioa. Umeniona nimevaa shela?"

Nilicheka, nikajilaumu kwa kucheka. Maana Bibi Bufton alikuwa mezani siku hiyo, na anajua kama ninavyojua mimi kwamba Mjomba hakuwa amelewa. Alisimama kwa mguu wake mzima, ameushika ukingo wa meza, akasema, "Hester mwanangu, kwa yote uliyonitendea miaka hii, ng'ombe hawa ni wako. Wote. Nyinyi ni mashahidi." Kasisi akapiga makofi. Mimi nikakimbilia jikoni nikalia juu ya sahani.

Pasaka akarudi Clement, mwana wa pekee wa Mjomba, aliyekuwa Birmingham miaka kumi na minne na ambaye hata ile baridi ya mwaka arobaini na saba, theluji ilipofunika ua mpaka madirishani, hakuleta pua yake. Alitaka fedha za kujenga gereji kando ya barabara kuu. Mjomba aliniambia nikiwa nimepiga magoti namwosha kidonda.

"Clement ni damu yangu, Hester. Tutauza ng'ombe vuli. Utaelewa."

"Ng'ombe wangu?"

"Ah, yale yalikuwa maneno ya Krismasi."

Nikamaliza kufunga bandeji. Kesho yake nikapanda basi kwenda kwa Maddox.

Jumanne, 8 Septemba

Mvua. Uji. Bandeji.

Jumatatu, 14 Septemba

Leo nimeshinda mjini kwa Maddox. Ni mzee mnene, anakula pai ya nyama ya nguruwe juu ya majalada, na anasimulia kesi kama bibi anavyosimulia hadithi za sungura. Lakini leo hadithi zake zimenikaa kooni.

"Sheria yetu ya mkataba ni nipe nikupe," alisema. "Haijui asante. Tuanze na zawadi. Zamani sana baba mmoja alimwahidi mwanawe farasi wawili wachanga. 'Hawa wako, mwanangu.' Wakabaki kwenye zizi la baba mpaka baba akafa. Mwana akaenda mahakamani. Akaambiwa: ulikabidhiwa? Hukukabidhiwa. Basi si wako. Zawadi ya mdomo haishiki mpaka kitu kitoke mkononi. Na ng'ombe wako wamelala wapi tangu Krismasi?"

"Zizini kwa Mjomba."

"Umeona. Zawadi imekufa. Tujaribu mkataba. Juzi juzi tu, mwaka hamsini na moja, kuna bibi aliitengeneza nyumba ya ukoo wa mumewe, akaipaka na kuipamba. Alipomaliza, mashemeji wakatia sahihi: kwa kazi uliyofanya tutakulipa. Sahihi zao, wino wao! Wakakataa kulipa, akaenda kortini, akashindwa."

"Kwa nini? Walitia sahihi!"

"Kwa sababu ahadi ilikuja nyuma ya kazi. Kazi iliyokwisha hainunui kitu. Mjomba wako alisemaje? 'Kwa yote uliyonitendea.' Uliyonitendea! Angesema 'utakayonitendea' ningekuwa nakula pai hii kwa raha zaidi."

Nilitaka kuondoka. Akanizuia kwa mkono wenye mafuta.

"Kaa. Upo mlango mmoja. Enzi za Mfalme Yakobo, miaka mia tatu iliyopita, bwana mmoja aliua mtu. Akamwomba mwenzake apande farasi akamwombee msamaha kwa mfalme. Mwenzake akahangaika njiani, akarudi, ndipo muuaji akamwahidi malipo mazuri. Naye alipokataa kulipa, mahakama ikamwambia: lipa. Kwa sababu kazi ile aliiomba mwenyewe, na kazi ya namna ile hakuna anayeiomba akidhani ni ya bure. Ahadi ya mwisho ilitaja tu bei ya kitu kilichokwisha kueleweka. Basi niambie, Amos alikuita, au ulijileta?"

"Alikuja mwenyewe. Mwaka arobaini na sita. Nilikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha pombe ya tufaha, upande wa chupa. Fahali alikuwa amemvunja nyonga, alikuja kwenye lori la maziwa, kasimama langoni na magongo yake, kofia mkononi. Akasema, 'Hester, nitakufa peke yangu kule.'"

"Vizuri sana. Na alipokuita, ulielewa kwamba utalipwa?"

Nikafungua mdomo.

"Usinijibu," alisema Maddox, na kwa mara ya kwanza akaacha kutafuna. "Siruhusiwi kukufundisha jibu, na sikufundishi. Lakini ujue hivi: ukimfanyia mtu kwa mapenzi, sheria itakuvulia kofia, halafu itakufungulia mlango utoke."

Jumatano, 16 Septemba

Nimewaza siku mbili. Ukweli ni kwamba siku ile langoni sikuwaza ujira hata kidogo. Niliona tu kofia yake mkononi. Ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufa vitani Ufaransa. Ndiye aliyenifundisha kumshika ndama pua. Nilivua aproni ya kiwanda pale pale.

Jumamosi, 26 Septemba

Jua, hatimaye. Tumeanza kuangusha matufaha. Ng'ombe Damsel amezaa ndama jike, mtamba mwenye alama nyeupe mgongoni iliyonyooka kama imepigwa rula. Nilitaka kumkimbilia Mjomba nimwambie, kama miaka yote. Nilifika mlangoni, nikakumbuka, nikarudi.

Alhamisi, 1 Oktoba

Mikono imechubuka. Matufaha mengi, watu wachache.

Jumanne, 6 Oktoba

Leo nimefanya kazi na Clement chini ya mti mmoja, yeye na fimbo ndefu ya kutikisia matawi, mimi na magunia. Nilikuwa nimemchora moyoni kama shetani mwenye viatu vya mjini. Shetani ana malengelenge ya mikono na anapiga chafya kila akigusa nyasi.

"Binamu," alisema, "nikuulize kitu bila hasira? Kwa nini hukumwambia akulipe tangu mwanzo?"

"Mtu anamwambiaje hivyo mjomba wake?"

"Ndiyo maana utashindwa." Hakusema kwa kejeli. "Bonde zima linajua kwamba ulimtunza kwa mapenzi. Wakili wetu anasema hiyo ndiyo silaha yetu kubwa. Atakusifu, Hester. Atakusifu mbele ya jaji mpaka usibakiwe na kitu. Na Baba atasema hakukuita. Atasema ulikuja mwenyewe."

"Mjomba hawezi kusema hivyo. Ni uongo."

"Ameshasema hivyo kwa wakili. Nilikuwepo." Akatikisa tawi, matufaha yakamwangukia begani. "Mimi ningekulipa, ujue. Si kwa wema. Mimi sipendi tu kudaiwa na mtu anayenitazama wakati nakula."

Nimefika nyumbani nikatia uji wa jioni chumvi mara mbili. Aliula wote, hakulalamika. Alijua.

Jumapili, 11 Oktoba

Mvua imerudi. Kasisi amehubiri juu ya Lea na Raheli, na Yakobo aliyetumikia miaka saba. Sikujua niweke macho wapi. Yeye naye hakujua.

Jumatano, 14 Oktoba

Mvua. Kidonda cha Mjomba kimetoa usaha. Nimekikanda kwa maji ya chumvi. Aliniwekea mkono kichwani, kidogo tu, kama anayetafuta pa kujishikiza. Nikauliza bila kuinua uso, "Mjomba, utasema hukuniita?"

Mkono ukatoka.

"Mawakili wana maneno yao," alisema.

"Mimi nauliza lako."

"Nina mwana mmoja, Hester. Ningekuwa na wawili ningekupa wewe kila kitu."

Ndivyo alivyosema. Nimeandika hapa nisije siku moja nikajidanganya kwamba alisema vinginevyo. Mwaka wa theluji niliwachimbua ng'ombe kwa koleo na kwa mikono. Walikuwa watatu tu, nikawalisha majani ya godoro langu. Kwake mimi si mtoto wa pili. Hata mtumishi siyo, maana mtumishi angelipwa. Mimi ni kitu kilichokuwepo tu, kama kisima.

Alhamisi, 22 Oktoba

Magunia ya mwisho yamekwenda kiwandani. Mvua.

Jumatatu, 2 Novemba

Kesho ni mahakamani. Nimepiga pasi koti la kijivu. Nimepiga pasi na shati la Mjomba, kwa kuwa hakuna mwingine wa kulipiga.

Jumatano, 4 Novemba

Naandika ya jana.

Tulikwenda kwa gari moja, la Clement. Mbele wao wawili, nyuma mimi. Mtu angedhani tunakwenda mnadani. Bibi Bufton na nusu ya bonde walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wamefungasha mkate na jibini.

Nilipanda kizimbani, nikala kiapo. Wakili mwenye wigi aliyeletwa na Maddox akaniuliza habari za lango la kiwanda, nikaeleza. Kisha akasimama wakili wao, kijana mrefu mwenye sauti tamu kama asali ya duka. Kama Clement alivyoniambia, akaanza kunisifu.

"Bi Skyrme, ulimwosha mjomba wako kila siku?"

"Kila siku."

"Ulikesha naye akiwa na homa?"

"Nilikesha."

"Ulimwomba mshahara, hata mara moja?"

"Sikumwomba."

"La hasha! Kwa sababu wewe si mtu wa namna hiyo. Mheshimiwa Jaji, sheria yetu inajua kwamba mume na mke, mjomba na mpwa, hawaandikiani mikataba kwa kila kikombe cha chai." Akanigeukia, akatabasamu. Nadhani tabasamu lenyewe lilikuwa la kweli. "Bi Skyrme, nakuomba utuambie tu ukweli ambao kila mtu humu anaujua. Ulimtunza kwa sababu ulimpenda. Sivyo?"

Nilimwona Mjomba kwenye benchi la mbele, shati lake jeupe, magongo kati ya magoti. Alikuwa ananitazama, na usoni hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa na hakika na jibu langu kama mtu alivyo na hakika na kiti anachokalia kila siku. Na ni hakika ile iliyonichoma. Laiti angeogopa kidogo tu, ningesema kweli.

"Hapana," nilisema. "Nilielewa kwamba ni kazi. Niliacha kazi moja nikashika nyingine. Nilijua atanilipa."

"Hukumpenda?"

"Nilikuwa kazini, bwana."

Nilisikia Bibi Bufton akivuta pumzi. Jaji akaandika. Nilishuka.

Wakamwita Mjomba. Alipanda kwa shida, akakataa kiti. Wakili wake akamuuliza kwa upole, kama anayemvusha barabara, "Bwana Probert, je, ni kweli kwamba hukumwomba mpwa wako aje? Kwamba alikuja kwa hiari yake?"

Mjomba aliyashika magongo yake. Aliuma midomo, kama mtu aliyeonja kitu kichungu na hana pa kutemea.

"Bwana Probert?"

"Nilimwita," alisema. "Nilikwenda mwenyewe kwa lori la maziwa."

Wakili alipauka. Clement akainama. "Bwana Probert, katika maelezo yako—"

"Najua nilichoeleza. Nilieleza hivyo nikidhani ni mtoto wa dada yangu aliyekuja." Akanigeukia. Miaka yote sijawahi kumwona na macho yale. "Kumbe nilimwajiri mtu. Basi mpeni ujira wake. Mimi ni Probert, siwezi kukaa na ujira wa mfanyakazi. Mpeni, aende."

Hukumu ilitoka alasiri. Jaji alisema mdaiwa mwenyewe amekiri kuomba kazi ile. Mdai ameapa kwamba alielewa ni ya malipo, na majibu ya mdaiwa hayakupinga. Kwa hiyo maneno ya Krismasi hayakuwa zawadi bali kutaja malipo. Ng'ombe wote pamoja na mtamba wa Septemba ni wangu. Maddox alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umeshinda, Bi Hester! Umepita kwenye tundu la sindano!" Kisha akanitazama vizuri, akaniachia mkono.

Tulirudi kwa basi, mimi na kikapu changu. Gari la Clement halikuningoja.

Alhamisi, 5 Novemba

Asubuhi nilipika uji. Alikuwa amekaa mezani na koti lake, amejifunga bandeji mwenyewe, kombo.

"Mjomba, hiyo italegea. Niruhusu—"

"Miss Skyrme," alisema, "una mpaka Jumamosi ijayo kuwaondoa wanyama wako."

Jumatatu, 9 Novemba

Bibi Bufton amekubali kunikodisha malisho yake ya ng'ambo ya kijito, na chumba juu ya ghala. Miaka yote alinipa mayai, nami nikampa siagi, hakuna aliyehesabu. Leo aliweka karatasi mezani.

"Tuandikiane, Hester. Usinielewe vibaya. Ila sasa tumejua kwamba wewe hufanyi cha bure."

Nikatia sahihi.

Jumamosi, 14 Novemba

Nimewatoa leo, ukungu umeshika mpaka magotini. Damsel mbele, mtamba wake ubavuni, Plum nyuma akichechemea. Mjomba alikuwa amesimama kwenye lango la ua. Alifungua mwenyewe, kwa gongo, akasubiri mpaka wa mwisho alipopita.

"Siku ile nilikupa zawadi," alisema, bila kunitazama. "Mbele ya watu. Kwa moyo wangu. Wewe umeifanya mshahara."

"Zawadi uliichukua tena, Mjomba. Mshahara haunyang'anywi."

"Lakini ulisema kweli kule kizimbani? Ulikuwa kazini?"

Ningeweza kujibu. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini Clement alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, na wakili wao bado ana siku za kukata rufaa, na mimi niliapa kwa Biblia. Nilimpiga Plum kiganja mgongoni, nikapita.

Alisema kitu nyuma yangu. Kwato zilikuwa nyingi, sikusikia.

Ijumaa, 20 Novemba

Baridi kali. Ng'ombe wazima. Chumba kinavuja.

Jumatano, 25 Novemba

Bibi Bufton kaniletea habari nisizomuuliza. Clement alimleta mwanamke kutoka mjini kumtunza baba yake, kwa mkataba wa maandishi, na mapumziko ya Jumapili. Amekwisha kuondoka. Mjomba alimrushia bakuli. Kidonda kinanuka mpaka ngazini.

Jumamosi, 5 Desemba

Clement amekuja. Alivuka kijito kwa viatu vya mjini, akasimama mlangoni mwa zizi, amekonda. Nilikuwa nawatupia ng'ombe majani makavu.

"Ameacha kula," alisema. "Daktari anataka kumkata mguu. Yeye amekataa hospitali, amekataa kila mtu."

"Kasema nini?"

"Kasema..." Akavua kofia, akaigeuza mikononi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anafanana na baba yake. "Samahani, binamu. Amenituma niseme kama alivyosema. 'Kamuulize Miss Skyrme anataka ujira gani kwa wiki.'"

Nikaweka uma wa majani chini. Ningeweza kusema, nitakuja bure. Ningeweza kukimbia vile vile nilivyo, na buti za zizini, nivuke kijito, nipande ngazi. Lakini kama ningekuja bure, kijiji kizima kingejua niliapa uongo, na wakili wao angejua wa kwanza, na ng'ombe wangerudi, na gereji ingejengwa. Hata hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba yeye ameuliza bei. Anayeuliza bei anataka kutajiwa.

"Nani ataandika?" niliuliza.

"Mimi. Nina kalamu."

Nikamtajia. Akaandika juu ya goti lake, akanisomea, nikasema ni sawa. Jumatatu naanza.